Jumamosi Saa Nane na Nusu

Jumatatu, 7 Februari 2022. Mwingi

Mchwa ndio waliotufungulia sanduku. Walikuwa wamekula mguu mmoja wa kitanda cha Mama, na tulipokisogeza ili tunyunyize dawa, sanduku la bati la Babu likajitokeza ukutani, kufuli lake limeshikana kwa kutu. Babu alifariki mwaka 1993, nikiwa na miaka 14. Tangu hapo sanduku lile lilikuwa kama jiwe la kusagia: lipo, hakuna anayeliuliza kitu.

Kaka alivunja kufuli kwa nyundo. Ndani mlikuwa na koti la sufu lililotobolewa na nondo, stakabadhi za kodi, Biblia ya Kikamba isiyo na jalada, na bahasha ya kaki. Katika bahasha nikatoa karatasi ya kuachishwa jeshi na picha ndogo ya ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Nieleze kwanza tulichokuwa tukijua. Tulijua kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Babu alikuwa Nairobi, mpishi wa Mzungu. Baba yangu alikwenda kaburini akijua hivyo. Tulijua pia kwamba Babu alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyekwenda Uganda kutafuta kazi, akapotelea huko. Mimi ndiye niliyepewa jina la huyo mdogo wake. Babu mwenyewe alilitaja siku niliyozaliwa na hakuna aliyembishia.

Karatasi inasema mengine. Inasema Babu alikuwa askari wa mizinga, Regimenti ya 301 ya East African Artillery. Na katika picha wapo vijana wawili wamevaa kaptula za kaki, wamesimama bega kwa bega. Mmoja ni Babu, hata kipofu angemjua. Wa pili ana sikio langu, hili la kushoto lililotokeza nje kama mpini wa kikombe. Nyuma, kwa penseli: *Mimi na ndugu yangu, Kilindini.*

Kilindini ni Mombasa. Njia ya Uganda haipiti huko.

Halafu nikakumbuka Jumamosi zake. Kila Jumamosi mchana, jua likishaanza kuinama, Babu aliacha alichokuwa akifanya. Kama alikuwa analima, aliweka jembe chini. Alivua kofia, akasimama wima na kuomba. Hakupiga magoti wala hakufumba macho, alitazama mbele tu, na akataja majina saba ya watu kwa sauti ndogo. Jina la saba lilikuwa langu. Majirani walisema ni Msabato wa nusu siku. Mimi nilisimama kando yake kwa furaha, maana kila wiki Babu alimtajia Mungu jina langu.

Usiku huu sikulala. Kesho nakwenda kwa Nyanya Mdogo.

Jumanne, 8 Februari

Nilipanda bodaboda, saa nzima ya vumbi. Mvua zimetukataa misimu mitatu sasa. Kwenye mto tuliovuka hapakuwa na tone. Wanawake walikuwa wamechimba mashimo kwenye mchanga mpaka vichwa vyao havionekani, mitungi imepangwa juu ikisubiri.

Nyanya Mdogo ni dada yake Babu, wa mwisho kuzaliwa katika nyumba yao. Macho yanamsumbua lakini akili ni kali. Tangu nizaliwe ananiita kaka, kwa sababu ya jina. Nilimwekea picha mkononi. Aliisogeza karibu na pua, akainusa kabla ya kuitazama, kisha akaishusha mapajani na kuifunika kwa kanga.

"Kaka," akasema, "nani amefungua?"

Nikamwambia ni mchwa.

"Basi mchwa wana ujasiri kuliko mimi."

Alizungumza tangu saa nne asubuhi mpaka jua likakaa utosini. Naandika kama nilivyosikia.

Chifu alikuwa akitaka vijana. Babu alijiandikisha mwenyewe, akitaka fedha za kununua ng'ombe wa mahari. Mama yao akakubali kwa shingo upande, lakini akasema mdogo asiguswe. Yule mdogo hakuwa ametimiza miaka 20. Babu aliporudi likizo, viatu vinang'aa, akamwambia nduguye pembeni: miaka miwili tu, tutarudi na ng'ombe, wewe wako na mimi wangu. Waliondoka alfajiri bila kuaga. Mama aliamka akakuta ngozi ya kulalia ya kijana wake tupu.

Baada ya muda Babu alirudi peke yake. Nyanya Mdogo alikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Anakumbuka kwamba Babu hakuweza kukaa ndani ya nyumba mlango ukiwa umefungwa. Mama alipouliza, "Mwenzako yuko wapi?" Babu alijibu haraka, kama mtu aliyekariri: "Amepata kazi Uganda." Mama akafurahi! Nyanya Mdogo alilisema neno hilo kwa uchungu kuliko yote: mama alifurahi, akapika.

Usiku ule mtoto alijifanya amelala. Babu alikuwa nje na mjomba wao, akanong'ona. Meli ilikatika katikati, alisema. Wakajikuta majini, wao wawili wameshika ubao mmoja, huyu upande huu na yule upande ule. Manowari moja ikaja, ikasimama na kuanza kuokota watu. Wakaanza kuiogelea. Ndipo ikaja ya pili, ya Waingereza vilevile, kwa kasi, ikitupa mapipa majini. Maji yakainuka kama kichuguu. Yaliposhuka, upande wa pili wa ubao hapakuwa na mtu.

Asubuhi Babu akamshika mkono dada yake, kwa kuwa alimwona usiku macho yamefumbuka. "Usimwambie mama."

"Sikumwambia," Nyanya Mdogo akasema. "Kila jioni mama alimwekea chakula kwenye kibuyu, nusu ya kibuyu, akakifunika. Asubuhi alikimwaga, kuku wakala. Miaka mingapi, kaka? Alikufa mimi nikiwa na watoto wanne, na usiku wa kuamkia kufa kwake alikifunika kibuyu kile. Nami najua. Kila jioni najua."

Nikamuuliza kwa nini Babu hakusema hata baada ya mama kufariki.

"Kwa sababu angeulizwa nani aliyempeleka."

Jambo moja limemsumbua miaka yote, nami sikuwa na jibu. Alirudia mara tatu: meli iliyokuja kuokoa ingewezaje kuwatupia watu mapipa?

Jumatano, 9 Februari. Nairobi

Matatu ya asubuhi, Matuu, Thika, foleni. Mpwa wangu anaishi karibu na Kariokor. Mara ngapi nimelitamka jina hilo bila kulifikiri: lilitokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza. Na kule Jogoo Road kuna soko la Burma, ambako watu hununua nyama kila siku na neno lenyewe ni uwanja wa vita ambako vijana wa Afrika Mashariki walipigana na Wajapani. Mji huu umejaa makaburi yasiyo na maiti.

Mpwa wangu ni mtu wa kompyuta. Nilimpa namba ya regimenti saa moja jioni, na kabla uji haujapoa alikuwa amekaa kimya akinisukumia simu.

Meli iliitwa *Khedive Ismail*. Iling'oa nanga Mombasa tarehe 6 Februari 1944 pamoja na meli nyingine nne za kubeba watu, kuelekea Colombo, Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ndani mlikuwa na watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Regimenti ya 301. Walikuwemo pia mabaharia na wauguzi wa kike. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa dakika mbili tatu tu. Walikufa watu 1,297. Waliookoka walikuwa 214.

Na mapipa? Manowari *Paladin* ilisimama kuokota watu. Lakini nyambizi ilikuwa imejificha chini kabisa, mahali palepale watu walipokuwa wakielea, na meli nyingine za msafara zilikuwa bado karibu, zimejaa maelfu. Nahodha wa manowari *Petard* akaamua. Akapita juu ya walioelea akitupa mabomu ya kulipukia chini ya maji. Yanafanana na mapipa. Nyambizi ikalazimika kuibuka na hatimaye ikazamishwa.

Tulikaa bila taa. Mpwa wangu akauliza, "Ungekuwa wewe nahodha, Mjomba?" Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu kwenye kalenda ya simu. Tarehe 12 Februari 1944 ilikuwa Jumamosi. Topido zilipiga saa nane na nusu mchana hivi.

Babu hakuwahi kuwa na saa ya mkono. Alitazama jua.

Halafu nikaona jambo la pili: mwaka huu tarehe 12 inaangukia Jumamosi. Siku tatu kutoka leo.

Alhamisi, 10 Februari

Makaburi ya vita ya Nairobi yako kando ya Ngong Road, upande wa msituni. Ndani nyasi zimekatwa kama zulia na mawe yamepangwa kwa mistari, zaidi ya 1,900. Kelele za magari zinakufa hatua chache baada ya lango. Kuna ukumbusho wa wale wasio na kaburi linalojulikana, nao umeandikwa majina kikosi kwa kikosi.

Nilianza juu, nikashuka na kidole. East African Artillery. Ni wengi mno. Nilikuwa nimejiandaa kwa majina kumi, ishirini, kidole kilichoka. Majina ya Kikamba, ya Kijaluo, ya Kikikuyu, ya Kinyasa, mengine sikujua ni ya wapi. Niliyasoma kwa midomo kwa sababu niliona si haki kuyapita kwa macho tu.

La kwanza katika yale saba ya Babu nililikuta karibu na mwanzo. Nilidhani macho yananidanganya. Nikakuta la tatu. Nikakuta la tano. Majina niliyoyasikia shambani nikiwa mtoto, ambayo nilidhani ni ya mababu waliokufa zamani, yalikuwa hapa ukutani kila moja na mstari wake. Walikuwa wenzake tu, vijana.

Kisha nikafika kwenye jina langu.

Sijui niseme nini kuhusu kuona jina lako kwenye ukuta wa wafu. La kwake na la baba yake, ambayo ni majina yangu mawili, herufi kwa herufi. Niliweka kiganja juu yake. Jiwe lilikuwa na joto la jua. Nilisimama hivyo mpaka mfanyakazi wa bustani akaja taratibu, akasimamisha toroli lake, akavua kofia na kuniuliza, "Ni wako?" Nikasema ni babu yangu mdogo. Akasema, "Pole, mzee," kana kwamba amefariki jana. Nilimshukuru. Ilikuwa pole ya kwanza aliyowahi kupewa mtu kwa ajili ya kijana yule, miaka 78.

Kwa hiyo Babu hakuwa akiniombea mimi. Nilikaa kwenye nyasi nikalia, na lazima niwe mkweli: nililia kwanza kwa ajili ya mtoto yule aliyesimama shambani akidhani ametajwa.

Ijumaa, 11 Februari. Kwenye reli

Madaraka Express kutoka Syokimau. Watu wamevaa barakoa, watoto wanatafuta ndovu dirishani pale Tsavo. Babu na nduguye nao walishuka pwani kupita nchi hii hii.

Nimebeba Biblia yake. Sijafungua Biblia tangu Juni mwaka jana, tulipomzika binti yetu. Alikuwa na miaka sita. Saratani ya damu. Walioitibu walifanya walichoweza, na dawa iliyokuja kumwokoa ndiyo iliyomlaza mwishoni. Mwili wake mdogo haukuibeba. Kaburini mchungaji alisema tufumbe macho tuombe. Nilifumba, na ndani hapakuwa na kitu, giza tu. Sijaomba tena. Mke wangu anakwenda kanisani peke yake na hajanilaumu hata siku moja, na hilo huniuma kuliko lawama.

Biblia ilijifungua yenyewe, kama kitabu kilichozoea mahali pamoja. Zaburi ya 77. Mstari wa 19 umepigwa penseli mara nyingi mpaka karatasi imetoboka: njia ya Mungu ilikuwa katika bahari, mapito yake katika maji makuu, na nyayo zake hazikuonekana.

Nilisoma zaburi yote, Mtito Andei mpaka Voi. Sikuwa nimewahi kusikia ikihubiriwa. Mwenye kuimba anakataa kufarijiwa. Anauliza kama Mungu amesahau huruma. Halafu hapati jibu. Anapelekwa baharini tu, na anaambiwa njia ipo ingawa alama ya mguu haipo. Na Babu, aliyepigiwa bomu na waliokuja kumwokoa, aliuchagua mstari huo miongoni mwa mistari yote.

Nilikuwa nikidhani mtu huamini kwa kuwa aliokolewa. Babu aliokolewa, lakini hakuna nilipomsikia akishukuru kwa hilo. Alisimama tu, kila Jumamosi, macho wazi, kama aliyebaki ameshika upande wake wa ubao.

Jumamosi, 12 Februari. Mombasa

Asubuhi nilivuka Likoni na kurudi, kwa ajili ya kuwa juu ya maji ya Kilindini. Feri ilijaa, wauza korosho, mikokoteni, akina mama na ndoo za samaki. Mimi sijui kuogelea. Hakuna anayejua kwetu. Babu alimchapa baba yangu mara moja tu maishani, alipomkuta akiogelea mtoni.

Saa saba nilifika bustani ya Mama Ngina, pale mlango wa bandari unapofunguka baharini. Meli zote zinazoingia na kutoka hupita hapo, karibu kiasi cha kumwona mtu aliye juu. Nilitafuta mbuyu wenye kivuli nikakaa. Meli ya makontena ikatoka, polepole, ikiongozwa na tagi mbili, mashua za kuvuta meli. Nikawaona vijana wale wamejipanga kando ya vyuma, wengi wao hawajawahi kuona maji ambayo huoni ng'ambo yake.

Saa nane na nusu nilisimama, nikavua kofia.

Sikufumba macho. Nilianza kwa la kwanza, nikiogopa nitasahau, lakini ulimi ulikuwa unayajua kuliko mimi. Majina sita. La saba nililitaja, na safari hii nilijua ninamtaja nani. Kulikuwa na wapenzi wawili kwenye benchi na muuza madafu. Waliniangalia kidogo kisha wakaniacha.

Halafu nikataja jina la binti yangu. Nilikuwa sijalitamka kwa sauti miezi minane. Sikuomba kitu. Sikuuliza kwa nini. Nililisema mbele ya Mungu, nikitazama maji, nikajua kwamba ninasema na aliyepo. Sikuona nyayo yoyote. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka baharini na ule utupu wa kaburini haukuwepo, au ulikuwepo nami nimesimama ndani yake bila kuanguka.

Nilimpigia mke wangu. Nilimwambia, "Nimemtaja." Hakuuliza nani. Tulinyamaza kwenye simu mpaka salio likaisha.

Basi la usiku.

Jumapili, 13 Februari

Nilifika kwa Nyanya Mdogo mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ameketi mlangoni kana kwamba sikuondoka.

"Ulimwona?"

"Nimemwona, Nyanya. Ameandikwa. Jina lake na la baba."

"Jina lake limekaa juani au kivulini?"

"Juani."

Akatikisa kichwa, akaridhika. Nikamweleza habari ya mapipa, nyambizi iliyokuwa chini yao, meli zile nyingine, nahodha. Nilieleza polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya muda mrefu, akasema, "Kumbe naye alikuwa na watu pande mbili." Hakuongeza neno juu ya nahodha.

Kisha akaniagiza ghalani, nyuma ya magunia, nilete kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kanga. Ilikuwa nusu ya kibuyu, imekauka, nyeusi kwa moshi, ukingo wake umeshonwa kwa uzi mahali ilipopasuka. Akamwita mjukuu amletee maji kidogo, na maji siku hizi ni ya kupimwa. Akakisuuza mwenyewe kwa vidole, ndani na nje, maji akayamwagia mche wa mpapai.

Akakigeuza kifudifudi juu ya jiwe, kikauke.